Safari ya Jangwani Pamoja na Watoto: Familia ya Kikristo Mbele ya Mawe ya Sinai

Katika Kutoka 10:8-11 limo jambo ambalo mara nyingi twalipita haraka, kwa kuwa macho yetu yamekwisha kutangulia kwenye nzige. Baada ya mapigo saba Farao alikuwa tayari kuwaachia Waisraeli waende jangwani kumtumikia Bwana. Ubishi uliobaki haukuwa juu ya safari yenyewe, bali juu ya watu watakaosafiri. Farao aliwataka wanaume peke yao. Musa akajibu kwamba wataondoka wote, vijana kwa wazee, wana kwa binti, pamoja na kondoo na ng'ombe. Farao hakuwa mjinga. Alijua kwamba mwanamume aliyeacha watoto wake nyumbani atarudi. Basi mazungumzo yakavunjika, na yaliyoyavunja ni habari ya watoto.

Twaanza na kifungu hiki kwa sababu ya swali ambalo wachungaji wengi wamekutana nalo. Zamani safari za kwenda Misri, Sinai na Nchi Takatifu zilikuwa za maaskofu, wakufunzi wa theolojia na wageni wa mashirika ya misioni. Siku hizi wako washarika wanaoweza kuweka akiba ya miaka kadhaa, na wanapofika ofisini kwa mchungaji wao hawaulizi tena kama baba peke yake aende, bali kama waweza kwenda na mama na watoto. Mchungaji huulizwa mambo mawili: je, safari ya namna hii yafaa kwa Mkristo wa Kilutheri? Na mtoto akisimama mbele ya jiwe la kale akauliza kama ni kweli mambo yale yalitokea pale, aambiwe nini? Swali la kwanza tutalijibu kwa ufupi. La pili lahitaji nafasi kubwa zaidi, maana hapo ndipo tumeona watu wazima wenye nia njema wakijikwaa.

Juu ya swali la kwanza, Martin Luther alikwisha kutupa msaada mkubwa kuliko tunavyokumbuka. Katika waraka wake wa mwaka 1520 kwa watawala Wakristo wa taifa la Kijerumani, alizikemea safari za kwenda Roma. Sababu yake haikuwa ya mafundisho ya neema peke yake. Alisema kwamba mtu hutumia guldeni hamsini au mia kwa jambo ambalo hakuna aliyemwagiza, huku akimwacha mkewe na watoto wake, au jirani yake, katika shida. Kisha ashauri kwamba kila anayetaka kusafiri aulizwe kwanza sababu yake. Akidhani anafanya tendo jema la kumpendeza Mungu, azuiwe na kuonyeshwa kwamba fedha ile ingefaa mara elfu kwa nyumba yake au kwa maskini. Lakini kama ataka tu kuona nchi na miji, basi aachwe aende zake.

Neno hili la mwisho huwashangaza wanafunzi wetu kila tunapolisoma darasani. Luther hakukataza udadisi. Alichokataza ni kuugeuza udadisi kuwa stahili mbele za Mungu. Basi mchungaji anayeulizwa na mzazi aweza kujibu kwa dhamiri safi: nenda, ikiwa hukopi, ikiwa ada za shule zimelipwa, ikiwa mama yako mzee kijijini hakuachwa bila mtunzaji, na ikiwa hutarudi ukajiona uko karibu zaidi na mbingu kuliko jirani yako ambaye hajavuka mpaka wa wilaya. Baba anayewachukua wanawe amekwisha kuepuka lawama moja ya Luther, kwa kuwa hakuwaacha nyumbani. Hajaepuka ile nyingine.

Sasa twende kwenye mawe yenyewe.

Familia nyingi huanzia Kairo, na jambo la kwanza watoto wanaloliona ni piramidi za Giza. Papo hapo huzaliwa kosa la kwanza. Wengi wetu tulifundishwa katika shule ya Jumapili, kwa picha za rangi, kwamba Waisraeli ndio waliozijenga. Biblia haisemi hivyo. Kutoka 1:11 yataja miji ya kuwekea akiba, Pithomu na Ramesesi, na kazi yao yaelezwa kuwa ya matofali ya udongo na majani, si ya mawe makubwa ya chokaa. Piramidi kubwa, ile ya Khufu, ilijengwa yapata mwaka 2560 K.K. Hata tukiiweka safari ya kutoka Misri katika karne ya 15 K.K., kama wafanyavyo wengine, na si karne ya 13 kama wafanyavyo wengi, bado piramidi ile ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka elfu siku Musa alipozaliwa. Mwaka 1990 farasi alijikwaa kwenye ukuta uliofukiwa mchangani karibu na hapo, na kutokana na ajali hiyo yakagunduliwa makaburi ya wafanyakazi waliojenga piramidi. Walikuwa Wamisri, na walizikwa kwa heshima karibu na kazi yao. Mzazi amwambie mtoto habari hii waziwazi. Kisha aongeze jambo ambalo kwetu ni la kupendeza zaidi: kwamba ndugu zake Yusufu, waliposhuka kutafuta nafaka, walikuta nchi ambayo tayari ilikuwa na makumbusho ya kale yenye kustaajabisha, kama sisi tunavyoyakuta leo.

Kutoka Kairo njia hupita chini ya Mfereji wa Suez na kuingia katika rasi ya Sinai. Hapa ugumu wazidi. Mlima unaoitwa na Waarabu Jebel Musa, yaani Mlima wa Musa, una urefu wa mita 2,285. Kwa msomaji anayeishi chini ya Kilimanjaro wenye mita 5,895 si mlima wa kutisha, hata nusu yake haufiki. Lakini je, ndio Sinai? Mapokeo ya kuuita hivyo twaweza kuyafuata nyuma hadi karne ya 4 B.K., wakati watawa walipokuwa wamekwisha kukaa katika mabonde yake. Zaidi ya hapo twaingia gizani. Wako wataalamu waliopendekeza Jebel Serbal, ulio upande wa magharibi. Wengine Har Karkom katika jangwa la Negebu. Wengine wamehamia ng'ambo ya ghuba, katika nchi ya Midiani, iliyoko Arabuni. Kila pendekezo lina hoja, na hakuna lililowaridhisha wote.

Wachimbaji wa mambo ya kale nao hawakutupa jibu tulilolitamani. Kati ya mwaka 1967 na 1982, rasi ilipokuwa chini ya Israeli, ilichunguzwa kwa bidii kubwa. Yalipatikana makazi ya nyakati za kale sana na ya nyakati za baadaye, lakini hazikupatikana alama za kambi ya umati wa watu wa siku za Musa. Kule Tell el-Qudeirat, panapodhaniwa kuwa Kadesh-barnea, ngome iliyofukuliwa ni ya wakati wa wafalme wa Israeli na Yuda. Wanafunzi wa Kiebrania watakumbuka pia kwamba neno *elefu* katika Kutoka 12:37 laweza kumaanisha elfu, lakini pia laweza kumaanisha ukoo au kikosi, hata hesabu ya wanaume elfu mia sita imesomwa kwa namna zaidi ya moja. Wahamaji wachache wenye mahema ya ngozi hawaachi mengi kwa mchimbaji. Hata hivyo hatupendi hoja hii itumiwe kama kitambaa cha kufunika swali. Kutopatikana kwa alama ni jambo la kweli, na mchungaji alijue kabla hajalisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mwongoza watalii.

Liko lakini jambo lililopatikana, nalo watalii wengi hawalifikii. Magharibi mwa rasi, juu ya mwinuko wa Serabit el-Khadim, Wamisri walichimba vito vya feruzi kwa karne nyingi, wakajenga hekalu la mungu mke Hathor. Mwaka 1905 Flinders Petrie, akisafiri na mkewe Hilda, alikuta huko maandishi mafupi ya namna isiyojulikana. Mwaka 1916 Alan Gardiner alionyesha kwamba katika maandishi hayo neno moja lingeweza kusomwa kuwa Baalat, maana yake Bibi, jina la Kisemiti la mungu mke yule. Yaani watu wa jamii ya Kisemiti, waliokuwa migodini pamoja na Wamisri, walikuwa wakiandika kwa alama chache, kila moja ikisimama kwa sauti moja. Kutoka katika mwandiko wa aina hiyo zilitoka baadaye herufi za Kifoinike, na kwa hao za Kiebrania, za Kiyunani na za Kirumi, ambazo ndizo tunazozitumia katika makala haya. Mtoto aliyejifunza kuandika juzi aweza kuambiwa kwamba herufi A, ikigeuzwa juu chini, bado yafanana na kichwa cha ng'ombe chenye pembe, kama ilivyochorwa jangwani. Kwetu sisi tunaohubiri Neno lililoandikwa, jiwe hili dogo lina uzito kuliko piramidi.

Chini ya Jebel Musa ndipo ilipo monasteri ya Mtakatifu Katarina. Kabla haijajengwa, alifika hapo mwanamke aitwaye Egeria, kati ya mwaka 381 na 384, naye aliwaandikia barua dada zake katika imani huko magharibi. Nakala ya barua yake ilipatikana Arezzo, Italia, mwaka 1884. Aeleza jinsi walivyopanda moja kwa moja kana kwamba wanapanda ukuta, wakafika kileleni kwenye saa ya nne ya mchana, wakakuta kanisa lisilo kubwa. Lililotugusa katika barua hiyo ni desturi yake: kila walipofika mahali, walisoma palepale kifungu cha Maandiko kinachohusika, kisha wakaomba. Hakubishana juu ya vipimo. Alifungua kitabu. Familia iendayo leo yaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote, na twawashauri wazazi wampe mtoto mkubwa kazi ya kusoma.

Kaizari Justinian ndiye aliyejenga ngome na kanisa vilivyopo, katika karne ya 6. Milango ya mbao ya kanisa ni ya wakati ule, na juu ya madhabahu ipo picha ya mozaiki ya kugeuka sura kwa Bwana, Musa na Eliya wakiwa kila upande wake. Ndani ya kuta hizohizo umo msikiti uliojengwa wakati wa utawala wa Wafatimi. Nyuma ya madhabahu kuna kikanisa cha kijiti kilichowaka moto, ambako mtu huingia bila viatu.

Wapandao mlima huondoka usiku wa manane ili wafike kabla jua halijachomoza. Njia ni mbili: ya ngamia, iliyo ndefu na pole, na ya ngazi zinazoitwa ngazi za toba, ambazo kwa hesabu ya watawa ni 3,750. Hata anayepanda ngamia hana budi kushuka na kumalizia ngazi kama 750 za mwisho kwa miguu. Usiku wa baridi huko maji huganda, na watoto wa pwani waliovalishwa shati jepesi hulia kwa sababu ambayo haina uhusiano na theolojia. Monasteri hupokea wageni kwa saa chache za asubuhi tu, na siku za ibada hufungwa. Kwa hiyo ratiba ipangwe mapema. Anayepanga safari asome pia tahadhari za serikali juu ya usalama wa rasi na mipaka yake, hasa baada ya vita vilivyoanza Gaza Oktoba 2023.

Hatuwezi kupita hapa bila kutaja habari inayotuhusu kwa karibu. Mwaka 1844 Konstantin von Tischendorf, msomi wa Chuo Kikuu cha Leipzig, alipata katika monasteri hii karatasi 43 za ngozi za Biblia ya Kiyunani ya karne ya 4, akazichukua hadi Leipzig. Mwaka 1859 alirudi na kupewa sehemu kubwa zaidi, yenye Agano Jipya lote, ili aipeleke kwa Kaizari wa Urusi. Watawa wameitunza hadi leo barua yenye mkono wake ya kuahidi kuirudisha. Haikurudi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliiuza kwa Waingereza kwa pauni 100,000, nayo iko London. Karatasi 43 bado ziko Leipzig, mji uleule ambako miaka iliyofuata walitoka wamisionari waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Sisi tulioletewa Injili kutoka mji huo twazitumia kila siku faida za nakala ile katika ufafanuzi wa Agano Jipya. Si vibaya tukikumbuka pia jinsi ilivyotoka jangwani.

Na wako watu wa mahali hapo. Wabedui wa kabila la Jabaliya husimulia kwamba wazee wao walikuwa familia zilizopelekwa na Justinian, nyingine kutoka Ulaya na nyingine kutoka Misri, ili kuilinda na kuitumikia monasteri. Ni Waislamu, na kwa karne nyingi wameishi na watawa wa Kiorthodoksi kama majirani wanaohitajiana. Ndio waongozao ngamia na wapikao chai kwenye vibanda vya njiani. Tangu mwaka 2021 serikali ya Misri imekuwa ikijenga mahoteli na majengo mengine ya watalii katika eneo hilo, na iliripotiwa kwamba wenyeji walilazimika kuwatoa wafu wao makaburini ili kupisha maegesho ya magari. Mwezi Mei 2025 mahakama iliamua kwamba ardhi ya monasteri ni mali ya dola na kwamba watawa wana haki ya kuitumia tu, hukumu iliyoleta masikitiko makubwa katika kanisa la Ugiriki. Twayataja haya kwa sababu msafiri naye ni sehemu ya jambo hilo: maegesho yale yanajengwa kwa ajili yake. Angalau na amlipe mwongozaji wa Kijabaliya ujira wake bila kubishana sana, na watoto wamjue kwa jina.

Wengi huendelea hadi Masada, ngome ya Herode juu ya Bahari ya Chumvi. Huko tahadhari ni ya namna nyingine. Josephus asimulia kwamba mwaka 73 au 74 B.K., Warumi walipokuwa wakikaribia kuingia, waliozingirwa waliuana wao kwa wao, kina baba wakianza na wake na watoto wao, na waliokufa walikuwa 960. Waongozaji wengine huisimulia kama habari ya ushujaa mtupu. Lakini Josephus huyohuyo ataja kwamba wanawake wawili na watoto watano walijificha katika mifereji ya maji, wakapona, na ni kwa vinywa vya wanawake hao habari ilijulikana. Mzazi aliyesimama pale na watoto wake asiwaache hao watano mfereji wakabaki humo.

Turudi basi kwa mtoto na swali lake. Yoshua 4 yasimulia jinsi mawe kumi na mawili yalivyosimamishwa ili watoto waulize, na wazazi wajibu. Jibu lililoamriwa halikuwa uthibitisho wa jiwe. Lilikuwa masimulizi ya yale aliyoyafanya Bwana. Jiwe hufungua kinywa cha mtoto, na kinywa cha mzazi hufanya kazi iliyobaki. Kwa upande mwingine, Maandiko hayahangaiki kutuonyesha Sinai uko wapi. Kaburi la Musa, kwa Kumbukumbu la Torati 34:6, halijulikani na mtu. Katika 1 Wafalme 19 Eliya alikwenda Horebu, na huko Bwana alimuuliza, mara mbili, ana kazi gani mahali pale. Kisha akamrudisha njiani kwenye wajibu wake.

Kwa hiyo mtoto akiuliza kama huu ndio mlima, sisi tungemjibu hivi: hatujui kwa hakika; twajua kwamba Wakristo wamekuja kuomba hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita wakiamini hivyo; na twajua aliyenena na Musa, kwa maana tumelisikia Neno lake nyumbani kabla hatujapanda ndege. Tumeona watoto wa miaka kumi wakiridhika na jibu hili. Wanaosumbuka nalo mara nyingi ni wazazi, ambao walitumaini kununua uhakika kwa bei ya tiketi.

Juu ya boriti za paa la kanisa la Justinian kuna maandishi ya Kiyunani yaliyochongwa. Moja lamtaja Kaizari, na lingine mkewe Theodora, aliyekuwa amekwisha kufariki. Jingine ni la fundi mwenyewe, Stephanos wa Aila, mji ulio kwenye ncha ya Ghuba ya Akaba. Amwomba Bwana aliyeonekana mahali hapa amrehemu yeye na Nonna, na awape pumziko watoto: Georgios, Sergios na Theodora. Dari iliyowekwa karne nyingi baadaye imeyafunika maandishi hayo, na aliye chini hawezi kuyaona. Familia ikisimama katikati ya kanisa, majina ya watoto hao watatu yako juu ya vichwa vyao.